Kompyuta ya Sun ya 1994 katika hewa ya chumvi

Ukitafuta ushauri wa kutunza kompyuta kongwe, karibu kila mwongozo utakaoupata umeandikwa na mtu wa Ulaya au Marekani, na karibu yote inaanza vivyo hivyo: ifunge vizuri, iweke mahali pakavu penye ubaridi, uiache. Kwa mtu wa Unguja au Pemba ushauri huo haufai. Mahali pakavu hatuna. Na mahali penye ubaridi, kwa hewa yetu ilivyo, ndipo mashine inapoharibika upesi zaidi. Zipo mashine zilizofanya kazi mezani miaka na miaka bila kusumbua, zikapelekwa stoo, na zilipotolewa miguu ya chipu zake ilikuwa imegeuka kijani. Nataka kueleza kwa nini inakuwa hivyo na nini kifanyike, kwa sababu naamini mashine hizi zinaweza kuishi hapa miaka mingi bado, ila kwa kanuni zinazotokana na hewa ya hapa.

Nitatumia mfano mmoja: SPARCstation 5 ya Sun Microsystems.

Katika miaka ya 1980 na 1990 palikuwa na aina ya kompyuta iliyokaa kati ya zile za kawaida za afisini na mitambo mikubwa iliyojaza chumba kizima. Ziliitwa wekstesheni. Zilikuwa za wahandisi, wachora ramani, watafiti wa bahari na hali ya hewa, watu ambao kazi zao zilitaka hesabu nzito na skrini kubwa. Sun, Silicon Graphics, Hewlett-Packard na Digital ndizo kampuni zilizotajwa zaidi. Sun ilianzishwa California mwaka 1982 na ikanunuliwa na Oracle mwaka 2010, kwa hiyo leo hakuna pa kuagiza spea mpya.

SPARCstation 5 ilitoka 1994. Ni boksi bapa linalokaa chini ya monita. Ndani mna prosesa ya microSPARC II ya megahezi 70, 85 au 110 (baadaye ikaja TurboSPARC ya 170), memori inayoweza kufika megabaiti 256 wakati kompyuta nyingi za mezani zilikuwa na 4 au 8, nafasi tatu za kadi za nyongeza (Sun waliziita SBus), na diski za SCSI, njia ya wakati ule ya kuunganisha diski kadhaa kwa kebo moja. Kinachonifanya niipende zaidi ni programu yake ya ndani, OpenBoot. Ukiiwasha bila diski yoyote, mashine haikwami kimya. Inaandika `ok` na kusubiri. Hapo unaweza kupima memori, kuorodhesha diski zilizounganishwa, kujaribu mtandao, hata kuandika programu ndogo. Fundi anapata majibu kutoka kwa mashine yenyewe, hahitaji kubahatisha.

Na anayerithi mashine ya namna hii kutoka afisi iliyofungwa, au kutoka kwa mjomba aliyesoma nje, huenda anarithi pia ramani, vipimo na tasnifu zilizoandikwa kwenye diski ambazo hakuna laptopu ya leo inayoweza kuzichomeka moja kwa moja. Mashine ikifa, mafaili hayo nayo yanakuwa mbali sana.

Chumvi na maji yake

Kila jiko la hapa kwetu linalijua jambo hili. Masika ikiingia, chumvi kwenye kidau inalowa na kushikamana, hata mtu akatia punje za mchele ili imwagike. Chumvi ya mezani huanza kunyonya maji ya hewani pale unyevu wa hewa unapovuka takriban asilimia 75, na ikiachwa hugeuka maji ya chumvi kabisa. Chumvi ya bahari ni mbaya zaidi, kwa kuwa ndani yake mna kloraidi ya magnesi, na hiyo huanza kunyonya maji unyevu ukiwa asilimia 33 tu. Visiwani unyevu haushuki hadi 33. Wakati wa masika, na usiku mwingi hata nje ya masika, unapita 80.

Maana yake ni kwamba vumbi linaloletwa na upepo wa baharini likishatua juu ya mazabodi, ule ubao mkuu wenye chipu, halikauki kamwe. Linabaki utando mwembamba wa maji ya chumvi usioonekana kwa macho. Miguu ya chipu za SPARCstation imekaa kwa nafasi isiyofika milimita moja. Mguu mmoja una volti 5, jirani yake una sifuri, na katikati pana maji ya chumvi. Umeme unapita humo kidogo kidogo, unayeyusha chuma upande wa chanya na kukijenga upande wa hasi, hadi vijiti vyembamba kuliko unywele vinagusana. Mashine inaanza kukosea ovyo: leo inawaka, kesho haiwaki, keshokutwa memori inahesabiwa nusu.

Mashine iliyozimwa nayo haipo salama. Kadi za memori zina miguu iliyopakwa bati na soketi nyingi zimepakwa dhahabu, au kinyume chake. Metali mbili tofauti ndani ya maji ya chumvi hufanya betri ndogo bila kusubiri umeme wa ukutani, na metali dhaifu ndiyo inayoliwa. Ndiyo maana mashine za stoo zinaoza, na ndiyo maana kazi ya kwanza kwa mashine yoyote iliyokaa hapa ni kuosha chumvi. Kuipaka mafuta ya kuzuia kutu juu ya chumvi ileile ni kuifungia chumvi ndani.

Maji ya kuoshea yachaguliwe. Maji ya bomba ya Unguja yametoka kwenye mawe ya matumbawe, yana chokaa nyingi, na visima vingi vya pwani vina chumvi. Tumia maji yaliyosafishwa, yale yanayouzwa kwa kuongezea betri za gari, ila soma chupa vizuri maana asidi ya betri huuzwa rafu ileile. Ondoa kwanza chipu yenye betri (nitaifikia), memori na kadi. Osha mazabodi kwa mswaki laini, mwaga maji, rudia, kisha malizia kwa spiriti safi ya asilimia 99, si ile ya famasi ya 70 ambayo karibu theluthi yake ni maji. Ikaushe kivulini mbele ya feni siku nzima au zaidi, kwa sababu maji hujificha chini ya soketi. Pawasaplai (kile kiboksi kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa volti ndogo) na diski usizioshe kwa maji.

Joto kidogo, saa zote

Ukishaosha, mashine ikae vipi? Hapa mafundi huvutana, na kila upande una ukweli wake.

Hewa ikipata joto bila kuongezewa maji, asilimia ya unyevu wake inashuka. Chukua siku ya masika yenye digrii 28 na unyevu wa asilimia 85. Hewa hiyohiyo ikipashwa hadi digrii 31, unyevu unakuwa kama asilimia 72. Ikifika digrii 38, ni kama 48. Kwa hiyo mashine inayofanya kazi inajikausha yenyewe, na wale wanaosema "iwashe, usiiache imelala" wanasema kweli.

Upande wa pili nao wanasema kweli: joto linaua kapasita, vile vikopo vidogo vinavyohifadhi chaji ya umeme. Kapasita za alumini zenye majimaji ndani hupoteza nusu ya umri wao kwa kila digrii 10 zinazoongezeka. Lakini fanya hesabu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa digrii 105, ikifanya kazi kwenye digrii 55, inatarajiwa kudumu saa 64,000. Mashine inayowashwa saa 4 kila wiki inatumia saa 208 kwa mwaka. Wiki ina saa 168, na unyevu unafanya kazi zote 168. Joto la kazi ni adui mdogo sana ukilinganisha na huyo, na anayeiweka mashine yake baridi mwaka mzima ili kulinda kapasita anamkimbia adui asiyefaa kuogopwa.

Ila saa hizo 4 za kuwasha haziikaushi mashine kwa saa 164 zilizobaki. Jawabu langu ni kabati lenye joto kidogo muda wote. Zile digrii 3 juu ya joto la chumba zilizotuvusha chini ya 75 hazihitaji mtambo. Balbu moja ya wati 15, ya waya na si LED kwa sababu tunachotaka ni joto, ikifungwa chini ya kabati, mbali na mbao na karatasi, ndani ya kizimba cha waya, inatosha kwa kabati la kawaida. Weka ndani kipima unyevu kidogo cha bei rahisi, ukiangalie kila unapopita. Kikisoma chini ya 75 umefaulu, na chini ya 65 ni bora zaidi. Umeme ukikatika saa chache si neno. Kinachoharibu ni wiki baada ya wiki.

Joto hilo linapendwa pia na wadudu. Sisimizi watajenga ndani ya floppi, na mjusi atapita kwenye tundu la feni hadi kwenye pawasaplai, ambako mwili wake unaunganisha pini mbili zenye volti mia tatu. Funika matundu ya kabati kwa kipande cha chandarua.

Silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, inafaa ndani ya kitu kinachofungika kweli, kama ndoo ya plastiki yenye kifuniko cha mpira. Ndani ya boksi la kadibodi inajaa maji siku chache tu, na baada ya hapo imekuwa mfuko wa unyevu umekaa juu ya mashine yako. Mchele ni dhaifu zaidi. Unatosha kidau cha chumvi, hautoshi kompyuta.

Kisha kuna kiyoyozi, na hili nalisisitiza kwa wenye afisi. Hewa ya digrii 28 yenye unyevu wa 85 huanza kutoa umande juu ya kitu chochote chenye digrii 25 au chini yake. Chumba kikipozwa hadi 22 mchana kutwa, boksi la chuma nalo linafika 22. Jioni kiyoyozi kinazimwa, madirisha yanafunguliwa, au umeme unakatika na mlango unaachwa wazi, na hewa ya nje inaingia. Maji yanatua juu ya chuma, nje na ndani, kama yanavyotua juu ya soda iliyotoka friji. Chumba kinachopozwa na kuachwa, kupozwa na kuachwa, ni kibaya kwa mashine hizi kuliko baraza yenye kivuli. Ama kiyoyozi kiwake usiku na mchana, ama mashine ikae chumba kisichokuwa nacho.

Umeme unaporudi

Unguja inapata umeme wake kutoka bara kwa waya wa chini ya bahari tangu 1980, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Pemba iliunganishwa na Tanga mwaka 2010. Aliyekuwepo Unguja Mei na Juni 2008, na tena kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, anakumbuka kisiwa kizima kilivyokaa bila umeme wa gridi. Hali siku hizi ni nyingine, lakini kukatika kwa dakika au saa bado kupo, na kwa mashine kongwe hatari haipo pale umeme unapoondoka. Ipo pale unaporudi. Mafriji na pampu za mtaa mzima zinaanza kwa pamoja, volti inashuka, inaruka, pengine inakatika tena mara mbili tatu kabla ya kutulia. Pawasaplai yenye umri wa miaka thelathini inapigwa kila mara.

Tabia ya kujenga ni moja: umeme ukiondoka, zima swichi ya ukutani, na ukirudi subiri robo saa. Stabilaiza nzuri au UPS inasaidia, lakini mkono kwenye swichi ndio unaosaidia zaidi. Badilisha pia fyuzi ndani ya plagi ya pini tatu; ile ya ampea 13 ni kubwa mno kwa mashine hii, weka ya 3 au 5.

Ethi, yaani waya unaounganisha boksi na ardhi, ni suala linalopuuzwa sana. Nyumba nyingi za zamani Mji Mkongwe zina soketi za pini tatu ambazo pini ya juu haiendi popote, na hata fimbo ya ethi ikipigwa, mwamba mkavu wa matumbawe haupitishi umeme vizuri. Pawasaplai za aina hii zina kapasita ndogo zinazounganisha nyaya mbili za umeme na boksi la chuma. Bila ethi, boksi hupanda hadi karibu nusu ya volti za ukutani, yaani kama 115. Mkondo ni mdogo, unausikia kama kuwashwa kwenye vidole, na watu huzoea. Mashine haizoei. Ukichomeka kebo ya SCSI au ya mtandao kati ya boksi lenye volti 115 na jingine lenye sifuri, tofauti hiyo inapita kwenye pini ya kwanza itakayogusa, na pini hiyo inaweza kuwa ya data. Pima ethi kabla ya kuunganisha chochote, na unganisha kebo zote wakati kila kitu kimezimwa.

Mashine iliyolala muda mrefu isichomekwe moja kwa moja. Ndani ya kapasita ya alumini kuna utando wa oksaidi unaojengwa na umeme wenyewe. Bila umeme miaka mingi utando unapungua, na siku ya kwanza kapasita inavujisha mkondo mwingi. Mafundi wa redio wanajua njia ya zamani: balbu ya waya ya wati 60 au 100 iliyofungwa mfululizo na mashine. Tenga pawasaplai na mazabodi, ipe mzigo wa bandia, kama taa ya gari kwenye upande wa volti 12 na rezista kubwa kwenye volti 5, kisha washa kupitia balbu. Balbu ikiwaka kwa nguvu halafu ikafifia, mambo ni mazuri. Ikibaki inawaka kwa nguvu, ndani kuna shoti, na balbu imekuokolea moto. Ukishaiunganisha bila balbu, pima: volti 5 iwe kati ya 4.75 na 5.25, volti 12 kati ya 11.4 na 12.6. Nje ya hapo usiifikishe kwenye mazabodi.

Ukifungua pawasaplai ya miaka ya 1980, hata ya kifaa kingine kama floppi ya nje au monita, tafuta kapasita za karatasi zenye gamba gumu la rangi ya asali, za pembeni mwa waya wa umeme. Gamba hupasuka kwa umri, karatasi inanyonya unyevu, na kapasita inalipuka moshi mzito wenye harufu isiyosahaulika. Kwa hewa yetu sioni sababu ya kuiacha hata moja. Zibadilishe kabla ya kuwasha. Na kabla ya kugusa chochote ndani ya pawasaplai, hakikisha kapasita kubwa imeishiwa chaji kwa kupima kwa mita.

Chipu yenye betri ndani yake

Hili ndilo linalowafanya watu wengi waitupe Sun yao wakidhani imekufa, na inaniuma kwa sababu karibu kila mara mashine ni nzima.

Juu ya mazabodi, kwenye soketi, kuna chipu nene nyeusi yenye miguu 28 na nundu mgongoni. Ni M48T08. Ndani yake mna vitu vitatu: saa, memori ya kilobaiti 8, na betri ya lithiamu iliyozibwa kwa plastiki isiyofunguka. Watengenezaji waliipa betri matarajio ya miaka kama 10. Chipu ya 1994 imepitisha mara tatu ya hapo. Tarehe yake imechapwa juu kwa tarakimu nne: 9436 ni wiki ya 36 ya mwaka 1994.

Betri ikiisha, haipotei saa tu. Memori hiyo inahifadhi mipangilio yote ya mashine, na pia kitambulisho chake: anwani ya Ethaneti na namba ya mashine. Sun hazihifadhi anwani kwenye kadi ya mtandao kama kompyuta za kawaida. Kwa hiyo ukiwasha, unaona ujumbe kwamba IDPROM (yaani kitambulisho hicho) si sahihi, anwani ya Ethaneti inasomeka ff:ff:ff:ff:ff:ff, mashine inajipima kwa muda mrefu usio wa kawaida, halafu inajaribu kuanza kutoka kwenye mtandao badala ya diski. Mtu asiyejua anaiona imekwama. Anayejua anabonyeza Stop na A kwa pamoja, anapata `ok`, na anaanza kazi.

Ikiwa mashine yako bado inaonyesha anwani sahihi inapowaka, simama hapo hapo uiandike, pamoja na Host ID, yaani namba ya mashine, iliyo mstari uleule. Iandike kwenye karatasi na kwa kalamu isiyofutika ndani ya kifuniko. Programu nyingi za kulipia za wakati ule zilifungwa kwenye namba hiyo; ikipotea, programu hazifunguki. Ukiwa umechelewa, angalia kistika kilichobandikwa juu ya chipu, maana mara nyingi kina tarakimu za mwisho za kitambulisho.

Kitambulisho chenyewe ni baiti 16. Ya kwanza ni 01. Ya pili ni aina ya mashine, na kwa SPARCstation 5 ni 80. Sita zinazofuata ni anwani ya Ethaneti, ambayo kwa Sun huanza na 08:00:20. Kisha nne za tarehe ya kutengenezwa, tatu za namba ya mashine, na ya mwisho ni ya uhakiki: zile 15 zikiunganishwa kwa XOR, hesabu inayolinganisha biti kwa biti. Unaweza kuziandika upya mwenyewe kutoka kwenye `ok` kwa amri ya `mkp`, baiti moja baada ya nyingine. Kwa mfano `1 0 mkp` inaandika 01 mahali pa sifuri, `80 1 mkp` inaandika aina ya mashine, na kuendelea, hadi ya mwisho ambayo mashine inaikokotoa yenyewe ukiandika `0 f 0 do i idprom@ xor loop f mkp`. Namba zote ni za msingi wa kumi na sita. Mashine inaamka palepale. Lakini bila betri, ukizima umeme yote yanapotea, na hapa kwetu umeme unajizimia wenyewe.

Kununua chipu nyingine ya zamani ni kununua betri nyingine iliyochakaa. Bora kuifanyia upasuaji iliyopo. Kata plastiki ya nundu taratibu kwa msumeno mdogo au kwa tupa (chuma cha kusugulia), upande ambao betri imekaa, hadi uone vipande viwili vya chuma vinavyoshuka kutoka kwenye betri. Pima kwa mita ujue kipi chanya. Betri chakavu mara nyingi bado ina volti kidogo zinazoonyesha upande. Kisha kata vipande hivyo kabisa ili betri ya zamani isibaki kwenye mzunguko, kwa sababu ikibaki itainyonya mpya. Lehemu nyaya mbili fupi, na mwisho wake weka kishikio cha CR2032, ile betri ya volti 3 ya sarafu inayouzwa maduka ya saa. Funika sehemu uliyolehemu kwa gundi ya epoksi, kwa sababu ya ile chumvi tuliyoizungumzia. Kishikio kibandike mahali kisipogusa chuma. Kuanzia hapo, kubadilisha betri ni kazi ya dakika moja.

Skrini ni jambo dogo kuliko watu wanavyodhani. Sun inatumia soketi ya 13W3 na inatoa picha ya nukta 1152 kwa 900, ambayo si kila skrini ya leo inaikubali hata ukiwa na adapta. Lakini ukiiwasha bila kibodi kuchomekwa, inahamisha mazungumzo yote kwenye tundu la siriali, linalopitisha maandishi tu, kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Laptopu na kebo ya USB ya siriali vinatosha kwa matengenezo yote. Monita kubwa za kioo zilizokuja nazo zina volti zaidi ya elfu ishirini ndani na hubaki na chaji baada ya kuzimwa; ikiharibika mpelekee fundi wa televisheni aliyezoea za zamani.

Diski kwanza

Katika yote haya, diski ndiyo isiyo na mbadala, kwa hiyo mpangilio wa kazi ufuate hivyo: pawasaplai ikishapimwa na mazabodi ikishaoshwa, kitu cha kwanza mashine ifanye ni kunakili diski. Diski iliyokaa miaka pengine itazunguka vizuri mara chache tu. Vichwa vyake hushikana na sahani, na mpira wa ndani unaovizuia vichwa hugeuka gundi kwa joto. Usiiwashe ili "kuona tu kama inafanya kazi".

SCSI ina masharti mawili yanayowachanganya watu. Kila kifaa kwenye mnyororo kiwe na namba yake kati ya 0 na 7, na 7 ni ya mashine yenyewe; Sun inategemea diski ya kuanzia iwe namba 3 na CD namba 6. Na ncha zote mbili za mnyororo zifungwe kwa termineta, yaani kizibo cha kumalizia mnyororo. Ikikosekana moja, diski zinaonekana mara moja moja na data inaharibika bila onyo. Amri ya `probe-scsi` kwenye `ok` inaorodhesha kila kinachoonekana. Diski za ndani za SPARCstation 5 zina kiunganishi cha pini 80, kwa hiyo kuisomea nje unahitaji adapta ya kwenda pini 50 au 68.

Nakili diski nzima kwa `dd`, amri ya kunakili, kwenda faili moja, ama kupitia mtandao kutoka kwenye Sun yenyewe ikiwaka, ama kwenye kompyuta nyingine yenye kadi ya SCSI. Kisha kazi ya kila siku ihamie kwenye BlueSCSI au ZuluSCSI, vibodi vidogo vinavyojifanya diski ya SCSI huku vikihifadhi kila kitu kwenye kadi ya SD. Havina kinachozunguka wala havitoi joto kubwa. Mfumo wa uendeshaji unaweza kubaki Solaris ya Sun, ambayo toleo la 9 la mwaka 2002 ndilo la mwisho kukubali mashine hizi, au ukaweka NetBSD inayoendelea kutunzwa hadi leo.

Faili ulilonakili linafunguka kwenye Linux ya kawaida bila Sun kuwepo. Tenga sehemu unayoitaka ndani yake, kisha ifungue kwa kusoma tu, kwa `mount -t ufs -o ro,ufstype=sun`, na majina ya mafaili yatatokea. Weka nakala moja hapa kisiwani na nyingine bara au kwa ndugu aliye nje, na uandike kwenye karatasi, kando ya namba ya Host ID, faili lilitoka mashine gani na diski ipi.